Mnyoo wa Kichocho na Nasaba Yake

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii hutumiwa kuwaonya watu juu ya rafiki wa uongo, lakini hapana kiumbe inayemfaa zaidi kuliko mnyoo aishiye ndani ya mwili wa mtu na kula jasho lake bila ya kumlipa. Hata hivyo, msomaji, kujua kwamba unaliwa si sawa na kujua unaliwa na nani. Mwenye nyumba aliyeibiwa hawezi kuuziba mlango mpaka ajue mwizi alipitia wapi; na hawezi kujua alipitia wapi mpaka amtambue ni mwizi wa namna gani.

Katika insha hii nataka kukueleza jinsi wanadamu walivyojitahidi, kwa zaidi ya miaka 150, kujibu swali moja dogo: mnyoo wa kichocho ni nani? Utaona kwamba swali hilo lilijibiwa mara tatu. Mara ya kwanza lilijibiwa kwa kulitazama umbo lake, mara ya pili kwa kuifuata njia yake, na mara ya tatu kwa kuisoma nasaba yake. Kila jibu lilikuwa na ukweli ndani yake, na kila jibu jipya lilionyesha kuwa lile lililotangulia halikutosha.

Habari hizi si za mbali nasi. Ikiwa kwenu ni Kwale, au Kilifi, au kando ya mto Tana, huenda umewahi kuwasikia watu wakisema habari za watoto wanaokojoa damu. Ikiwa kwenu ni Mwea, penye mashamba ya mpunga, au katika ufuo wa Ziwa Victoria, huenda umewaona watu wenye matumbo yaliyovimba. Wote hao husemwa kuwa wana kichocho. Jina ni moja, lakini minyoo ni mbalimbali.

Minyoo hawa ni wadogo. Urefu wao ni sentimita 1 au 2 hivi, nao huishi ndani ya mishipa ya damu, dume na jike pamoja. Dume ana mfereji katika mwili wake, na jike, ambaye ni mwembamba kama uzi, hulala ndani ya mfereji huo kwa muda wa miaka mingi. Humo hutaga mayai. Mengine hupenya katika kibofu au utumbo na kutoka nje pamoja na mkojo au kinyesi. Mengine hunasa mwilini, na hayo ndiyo yaletayo madhara, kwa maana mwili hupigana nayo hata ukajijeruhi wenyewe. Kichocho cha mkojo kikikaa muda mrefu chaweza kuleta saratani ya kibofu. Kichocho cha tumbo huharibu ini na kuuvimbisha wengu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka wa 2021 watu zaidi ya milioni 250 walihitaji kupewa dawa ya kukizuia kichocho, na wengi wao walikuwa katika bara letu la Afrika.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale sana. Mwaka wa 1910 tabibu mmoja aliyekuwa akifanya kazi Misri, Marc Armand Ruffer, alizichunguza figo za maiti za Wamisri zilizohifadhiwa tangu zama za Mafirauni, akaona ndani yake mayai ya mnyoo wa kichocho. Maiti hizo zilikuwa na umri wa miaka ipatayo 3000. Basi mnyoo huyu alikuwa akiwatesa watu wa mto Nile tangu enzi hizo, wala hapana aliyemwona kwa macho.

Aliyemwona kwanza alikuwa kijana Mjerumani aitwaye Theodor Bilharz. Alifika Misri mwaka wa 1850, akapata kazi katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Cairo. Mwaka wa 1851, alipokuwa akiichunguza maiti, aliwakuta minyoo weupe ndani ya mshipa mkubwa wa damu uingiao katika ini. Alishangaa kuona kwamba kila mmoja aliyemdhania kuwa ni mnyoo mmoja alikuwa kwa kweli ni wawili, dume amemkumbatia jike. Baadaye wataalamu waliwapa minyoo hao jina la Kilatini Schistosoma haematobium, maana yake mwenye mwili uliopasuka, aishiye katika damu. Bilharz mwenyewe alikumbukwa kwa jina la ugonjwa, kwani hata leo watu wengi huuita bilhazia. Alifariki mwaka wa 1862, akiwa hajatimiza miaka 40.

Katika kazi yake Bilharz aliona jambo moja lililozusha ubishi mkubwa baadaye. Aliona kwamba mayai ya kichocho yana mwiba mdogo, lakini mwiba huo haukai mahali pamoja. Katika mayai mengine uko kwenye ncha. Katika mayai mengine uko ubavuni. Je, ni minyoo wa aina mbili, au ni mnyoo mmoja mwenye mayai ya namna mbili?

Mtu mmoja aliyejaribu kulijibu swali hilo alikuwa Mskoti, Patrick Manson. Huyu ndiye aliyegundua huko Uchina, mwaka wa 1877, kwamba mbu huchukua vijinyoo vya ugonjwa wa matende. Mwaka wa 1902 alimpokea mgonjwa, Mwingereza aliyewahi kuishi katika visiwa vya Karibea. Katika kinyesi cha mgonjwa huyo mlikuwa na mayai yenye mwiba wa ubavuni. Katika mkojo wake hamkuwa na yai hata moja. Manson alifikiri: kama mnyoo ni mmoja tu, mbona huyu hana mayai ya namna ya pili? Akatoa rai kwamba huenda minyoo ni wawili. Mwaka wa 1907 Louis Sambon aliikubali rai hiyo, akampa mnyoo wa pili jina la Schistosoma mansoni, kwa heshima ya Manson.

Lakini palikuwapo mtu mwingine, mwenye elimu kubwa na sifa kubwa, aliyekataa. Huyo alikuwa profesa Arthur Looss, Mjerumani aliyefundisha katika shule ya udaktari ya Cairo. Tusimdharau, kwa maana alikuwa na haki ya kusikilizwa. Yeye ndiye aliyegundua jinsi minyoo ya safura inavyoingia mwilini: matone ya maji yenye mabuu yalimwangukia mkononi, ngozi ikamwasha, na baada ya muda akayakuta mayai ya safura katika kinyesi chake mwenyewe. Kwa kuwa safura hupenya katika ngozi moja kwa moja, Looss aliamini kuwa kichocho nacho hufanya vivyo hivyo, toka yai hadi ngozini, bila ya kupitia katika mnyama mwingine. Na kuhusu miiba miwili, alisema mnyoo ni mmoja tu, na kwamba mayai yenye mwiba wa ubavuni hutagwa na majike ambao hawajapandwa na dume.

Msomaji utaona kwamba ubishi huu usingeweza kumalizwa kwa kutazama tu. Manson alikuwa na yai, na Looss alikuwa na yai lile lile. Kila mmoja alilitazama kwa hadubini, kila mmoja akaona anachokitarajia. Ilitakikana njia nyingine, nayo ilikuwa kumfuata mnyoo katika safari yake yote.

Njia hiyo ilifunguliwa Japani. Mwaka wa 1904 Fujiro Katsurada alikuwa ameeleza habari za mnyoo mwingine wa kichocho katika nchi hiyo, na mwaka wa 1913 Wajapani wawili, Miyairi na Suzuki, walionyesha kwamba mnyoo huyo hukua ndani ya konokono kabla ya kumwingia mtu. Habari hizo zilimfikia Robert Leiper, Mskoti aliyekuwa mtaalamu wa minyoo mjini London. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, serikali ya Uingereza ilikuwa na askari wengi Misri, ikaogopa kwamba wataugua kichocho. Mwaka wa 1915 Leiper alipelekwa huko pamoja na wenzake ili aichunguze njia ya ugonjwa.

Leiper alikwenda penye mitaro na vidimbwi vya kando ya Cairo, akaokota konokono wa kila namna, akawaweka katika maji na kuyatazama mabuu waliotoka ndani yao. Kisha aliwaambukiza panya na wanyama wengine kwa mabuu hao, akangoja minyoo wakue. Matokeo yalikuwa dhahiri. Mabuu waliotoka katika konokono wa jamii iitwayo Bulinus walikua wakawa minyoo watagao mayai yenye mwiba kwenye ncha. Mabuu waliotoka katika konokono bapa, wa jamii iitwayo leo Biomphalaria, walikua wakawa minyoo watagao mayai yenye mwiba ubavuni. Konokono mbili, mayai mawili, minyoo wawili. Looss, pamoja na ukubwa wake, alikuwa amekosea katika mambo yote mawili: minyoo si mmoja, na mnyoo hawezi kumfikia mtu ila kwanza apitie kwa konokono.

Faida ya jibu hilo ilionekana mara moja. Ikiwa buu hutoka kwa konokono na kuingia ngozini majini, basi pana milango kadhaa ya kufunga: kutokojoa wala kwenda choo majini, kutooga penye konokono, kuwaua konokono wenyewe, au kuyaacha maji yakae saa 48 bila konokono kabla ya kuyatumia, kwa maana buu asiyempata mtu hufa katika muda huo. Hayo yote tunayajua kwa sababu mtu alijitahidi kumtofautisha mnyoo na mnyoo.

Kwa miaka mingi baada ya hapo ilidhaniwa kuwa kazi imekwisha. Mwenye hadubini aliutazama mwiba, akataja jina. Mwiba kwenye ncha, haematobium. Mwiba ubavuni, mansoni. Hata hivyo palibaki jambo moja lisilostarehesha. Wanyama nao wana kichocho chao. Tangu mwaka wa 1876 Mtaliano Prospero Sonsino alikuwa amemweleza mnyoo wa kichocho wa ng'ombe huko Misri, aitwaye Schistosoma bovis. Mnyoo huyo hutumia konokono wa jamii ya Bulinus, wale wale wanaotumiwa na kichocho cha mkojo cha watu. Naye panya wa mwitu ana mnyoo wake, Schistosoma rodhaini, aliyeelezwa mwaka wa 1931, ambaye hutumia konokono wa jamii ya Biomphalaria, kama mansoni. Mabuu wao wakiogelea majini, ni vigumu mno kuwatofautisha kwa kuwatazama. Mtoto wa mchungaji na ng'ombe wake huingia katika dimbwi moja. Ni nani ajuaye ni mnyoo gani aliyemwingia nani?

Hapo ndipo jibu la tatu lilipohitajiwa. Ndani ya seli za kila kiumbe mna utepe mrefu na mwembamba mno uitwao kwa kifupi DNA, ambao umbo lake lilielezwa mwaka wa 1953 na James Watson na Francis Crick, kwa msaada wa picha za Rosalind Franklin. Utepe huo ni kama maandishi ya herufi 4 tu, zinazoandikwa A, C, G na T, na katika maandishi hayo mna vinasaba, yaani maagizo ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi wake. Mwaka wa 1977 Frederick Sanger alionyesha njia nyepesi ya kuzisoma herufi hizo, na mwaka wa 1983 Kary Mullis alibuni njia ya kukinakili kipande kidogo cha DNA mara mamilioni. Tangu hapo buu mmoja, asiyeonekana vizuri kwa macho, aliweza kutoa maandishi ya kutosha kusomwa.

Sikiliza sasa jinsi maandishi hayo yanavyofichua nasaba. Sehemu kubwa ya DNA imo katika kiini cha seli, na kila mtoto hupata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Lakini sehemu ndogo imo nje ya kiini, katika vyombo vya seli viitwavyo mitokondria, na hiyo kwa kawaida hutoka kwa mama peke yake. Basi mtaalamu husoma sehemu zote mbili. Zikiafikiana, mnyoo ni wa nasaba moja. Lakini ikiwa maandishi ya mama yasema ng'ombe, na yale ya kiini yana herufi za mnyoo wa watu, mnyoo huyo ni chotara. Umbo lake laweza kudanganya, hata yai lake laweza kuvaa mwiba wa wengine. Nasaba yake haifichiki.

Mambo yaliyopatikana kwa njia hii yaliwashtua wengi. Mwaka wa 2003 watafiti walitangaza kwamba katika konokono waliookotwa karibu na Kisumu, katika Ziwa Victoria, walipatikana machotara wa mansoni na rodhaini, mnyoo wa watu na mnyoo wa panya. Mwaka wa 2009 wengine walieleza kwamba watoto wa kaskazini mwa Senegal walikuwa wakitoa mayai ya machotara wa haematobium na bovis. Tena machotara hao si kama baghala, mtoto wa punda na farasi, ambaye hazai. Wao huzaa, na watoto wao huzaa.

Kisha ikaja habari ya kisiwa cha Corsica, katika nchi ya Ufaransa, ambako kichocho hakikutarajiwa kabisa. Mwaka wa 2014 iligunduliwa kwamba watu waliooga katika mto Cavu walikuwa wameambukizwa kichocho cha mkojo, na hesabu yao ikapita 100. Vinasaba vilisomwa, ikaonekana kwamba minyoo walikuwa machotara wa haematobium na bovis, na kwamba ndugu zao wa karibu walikuwa Senegal. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 ulionyesha kuwa zaidi kidogo ya robo tatu ya urithi wao ilikuwa ya haematobium, na iliyosalia ilikuwa ya bovis. Bila ya kuisoma nasaba, nani angejua kwamba mgeni wa mto ule alitoka Afrika Magharibi?

Nasaba pia imeandika upya historia ya mgonjwa wa Manson. Vinasaba vya mansoni wa Karibea na Amerika ya Kusini vimeonekana kuwa na undugu wa karibu na vya mansoni wa Afrika Magharibi. Mnyoo alivuka bahari katika damu ya Waafrika waliosafirishwa utumwani. Hapana shaka haematobium naye alivuka katika majahazi yale yale, lakini huko ng'ambo hakuwakuta konokono wanaomfaa, akatoweka. Mansoni aliwakuta wake, akakaa. Ndiyo maana mgonjwa yule alikuwa na mayai ya namna moja tu. Dhuluma ile iliyoandikwa katika vitabu vya wafanya biashara imeandikwa pia katika mwili wa mnyoo.

Huenda ukauliza, msomaji, yote haya yana faida gani kwa mtoto aliye mgonjwa leo? Dawa ya prazikwanteli huwaua minyoo wote tuliowataja, wawe wa watu, wa ng'ombe au machotara. Jibu ni kwamba dawa humtibu mtu, lakini haiyatibu maji. Ikiwa chotara aweza kuishi katika ng'ombe na kwa mtu pia, basi twaweza kuwapa watoto wa shule dawa kila mwaka, na ng'ombe wakayarudishia maji mayai yale yale kila asubuhi wanapokwenda kunywa. Hapo itabidi daktari wa watu na daktari wa mifugo wakae katika baraza moja.

Na kosa laweza kuwa la upande wa pili pia. Katika visiwa vya Unguja na Pemba serikali na wataalamu wamefanya bidii ya miaka mingi kukiondoa kichocho cha mkojo. Mahali ugonjwa ulipokaribia kwisha, kila konokono mwenye mabuu ni habari kubwa. Lakini huko Pemba, vinasaba vya mabuu viliposomwa, ilionekana kwamba baadhi yao walikuwa bovis, kichocho cha ng'ombe. Asiyeisoma nasaba angewahesabu wote kuwa ni hatari kwa watoto, akapeleka watu na fedha mahali pasipostahili, na penye hatari ya kweli pakakosa.

Usidhani hata hivyo kwamba hadubini imepitwa na wakati. Katika zahanati nyingi za nchi yetu yai na mwiba wake ndivyo vinavyompa mgonjwa jibu siku ile ile, na jibu hilo latosha kumpatia dawa. Wala usidhani kwamba Leiper alikosea. Minyoo aliowatenga ni wawili kweli. Vinasaba vimelithibitisha neno lake, kisha vikaongeza kwamba mpaka kati ya mnyoo na mnyoo si ukuta wa mawe, bali ni kama ua wa miti, ambao pengine huvukwa. Elimu haikulivunja jengo la zamani. Imeongeza chumba.

Lakini kumbuka pia habari ya Looss. Hakuwa mjinga wala mvivu. Alishika ukweli alioupata kwa safura, akaulazimisha kwa kichocho, akakataa kumsikiliza mtu aliyemletea yai lisiloafikiana na rai yake. Mgonjwa mmoja wa Manson, aliyekuwa na mayai ya namna moja tu, alikuwa na uzito kuliko sifa zote za profesa, na waliomjali mgonjwa yule ndio waliofika.

Kazi iliyobaki ni kubwa. Mito, mabwawa na mitaro ya nchi yetu ni mingi, na nasaba za minyoo waliomo katika konokono wake wengi bado hazijasomwa. Baadhi yenu mnaosoma kurasa hizi mtakuwa matabibu, wengine waganga wa mifugo, wengine wataalamu wa maji na mashamba. Siku mtakapoletewa kosa la zamani lenye heshima kubwa, na ukweli mdogo usio na mtetezi, utazameni ule ukweli mdogo kwa makini kabla ya kuutupa. Na kwa sasa, yeyote akojoaye damu asione haya, wala asingoje ipite yenyewe. Na aende zahanati, akapimwe, anywe dawa, wala asiende haja majini.